Baa nyepesi ya chenso si baa nyembamba

Baa ni lile bapa refu la chuma linalotoka mbele ya chenso, ambalo cheni huzunguka kwenye kingo zake. Baa nyepesi ni baa iliyopunguzwa uzito kwa kutolewa chuma katikati, huku urefu wake, upana wake na mfereji wa cheni vikibaki vilevile. Maana ni hiyo tu. Lakini kuanzia maduka ya spea ya Ngamiani hapa Tanga hadi kwa wapasua mbao wa Muheza, mtu akiulizia baa nyepesi hupewa ama nyembamba ama fupi, na muuzaji na mnunuzi huachana kila mmoja akiamini ameeleweka. Hasara huonekana shambani, mti ukiwa umeshaanza kukatwa.

Nianze na hiyo nyembamba, maana ndiyo inayochanganya wengi. Wembamba wa baa unaotajwa na mafundi ni wa mfereji, ule mwanya wa pembeni ambamo vibapa vya chini vya cheni hupita. Vipimo vinavyozoeleka ni milimita 1.1, 1.3, 1.5 na 1.6, na kila kimoja kina cheni yake. Cheni nyembamba huchimba njia nyembamba ndani ya mti, kwa hiyo injini ndogo huimudu bila kuhema. Huo ni wepesi kweli, ila ni wepesi wa kazi ya injini. Anayelalamika kwamba mashine inamwelemea kiunoni na begani anauliza jambo jingine kabisa, na kumpa mfereji mwembamba ni kumtibu ugonjwa asio nao.

Tena unamletea ugonjwa mpya. Aliyezoea 1.6 akipewa baa ya 1.3, cheni zake zote za nyumbani haziingii. Kinyume chake ni kibaya zaidi, kwa sababu hakijitangazi: cheni ya 1.3 kwenye mfereji wa 1.6 huingia vizuri, huzunguka, halafu hulala upande na mkato unapinda. Mtu atanoa meno mara ya pili na ya tatu, atalaumu tupa, atalaumu mti, na kosa liko dukani.

Baa fupi haihitaji maneno mengi. Ni nyepesi kwa sababu ni fupi, na hukata kifupi. Kama miti yako ni midogo, ichukue, na hakuna atakayekulaumu.

Kuna na ile ya mabati matatu yaliyobandikwa kwa kulehemu nukta nukta, inayokuja na chenso nyingi ndogo. Hiyo nayo huuzwa kwa jina la nyepesi. Bati la katikati ni dogo kuliko mawili ya nje, na pengo linalobaki ukingoni ndilo mfereji. Ni baa nzuri kwa kazi ndogo na bei yake ni nafuu, lakini haikubuniwa kwa ajili ya mtu anayebeba mashine kubwa kutwa nzima. Baa nyepesi ya kweli imekusudiwa kuchukua nafasi ya baa ndefu ya chuma kitupu, yaani chuma mwili mzima bila uwazi ndani. Stihl, kwa mfano, wana Rollomatic ES Light, yenye uwazi ndani uliojazwa plastiki ngumu ya poliamidi. Watengenezaji wengine hukata madirisha kwenye chuma na kuyaziba kwa aluminiamu.

Faida yake iko kwenye umbali, si kwenye mizani ya duka. Uzito ulio puani mwa baa hauuelemei mkono sawasawa na uzito ulio karibu na injini. Gramu 100 zilizo sentimita 50 mbele ya mkono wa mbele huinamisha mashine kwa nguvu ileile ya nusu kilo iliyo sentimita 10. Ndiyo maana mtu anaweza kushika mashine mbili dukani, akaona tofauti ndogo sana, kisha akaenda kupogoa matawi ya miti iliyoangushwa, kuinua na kushusha, kugeuza kulia na kushoto, na kufika mchana akiwa bado na mkono wake. Mwenye kuangusha mitiki kama ile ya shamba la miti la Longuza, Muheza, na kuipogoa palepale kwa baa ndefu ndiye hasa aliyefikiriwa na waliobuni kitu hiki.

Ila chuma kilichotolewa kimetolewa. Baa nyepesi hupinda upesi kuliko ya chuma kitupu, na ni ghali zaidi. Mti ukiibana usiinyonge kwa kupinda mashine. Tumia kabari, na afadhali kabari iwe imeshaingia kabla mti haujaikalia baa. Mwenye tabia ya kutumia baa kama mtaimbo wa kubenulia magogo, ningemsihi abaki na ya chuma kitupu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wauzaji, mteja akisema nyepesi, muulize kwanza ni nini kinachomchosha. Nawe mnunuzi, usiende na neno moja tu. Soma mkia wa baa yako ya zamani, karibu na tundu la nati: hapo pamegongwa urefu, kipimo cha mfereji, pichi ya cheni, yaani nafasi kati ya viungo vyake, na mara nyingi idadi ya vibapa vya chini. Viandike vyote, na kumbuka kwamba pichi za inchi 3/8 ziko mbili, ya kawaida na ile ndogo ya mashine ndogo, na haziingiliani. Ukishavitaja hivyo ndipo useme unataka yenye vipimo hivyohivyo ila iliyopunguzwa uzito. Na kama baa yako ni ya sentimita 35 au 40, gramu utakazookoa ni chache mno kwa bei utakayolipa. Mitiki ina mchanga wa silika ndani ya mbao na ganda la nje la shina la mnazi ni gumu, vyote viwili hula makali haraka, na cheni butu ndiyo inayokulazimisha kusukuma. Hela hiyo nunulia cheni ya pili na tupa ya mviringo inayolingana na meno yake.