Je, wajua kwa nini manabii wakitaka kumsema mfalme huanza na mti?

Ukifungua Waamuzi 9 utakuta miti iko kwenye msako wa kumpata mtawala. Inaanza kwa mzeituni, unakataa. Inakwenda kwa mtini, nao unakataa. Mzabibu, vilevile. Mwishowe inauendea mti wa miiba, na huo ndio unaokubali kutawala.

Aliyeitunga hadithi hiyo ni Yothamu, mwana mdogo wa Gideoni. Alisimama juu ya mlima Gerizimu akawapigia kelele wenyeji wa Shekemu, ambao walikuwa wametoka tu kumtawaza ndugu yake Abimeleki chini ya mwaloni wa mji wao. Abimeleki alikuwa amepewa vipande 70 vya fedha kutoka hekalu la mungu wao Baal-berithi, akakodi wahuni, akawachinja ndugu zake 70 juu ya jiwe moja. Hesabu ifanye mwenyewe: kipande kimoja kwa kila kichwa. Yothamu alinusurika kwa sababu alijificha.

Wasomaji wengi hukimbilia mti wa miiba na kupita juujuu sababu za ile mitatu iliyokataa, ilhali utamu wa mfano uko hapo. Kila mti unajibu kwamba una kazi tayari. Mtini una utamu wake, mzabibu una divai yake. Mzeituni unasema hauwezi kuyaacha mafuta yake, na kwa Waisraeli mafuta hayo ndiyo yaliyomfanya mtu awe mfalme: Sulemani alipotawazwa, kuhani Sadoki alichukua pembe ya mafuta kutoka katika Hema la ibada akampaka (1 Wafalme 1:39). Yaani mti unaotengeneza wafalme ndio wa kwanza kuukataa ufalme.

Mafuta matakatifu ya Hema yenyewe hayakuwa kitu cha mchezo. Kutoka 30 inataja vipimo: manemane shekeli 500, mdalasini 250, kane yenye harufu nzuri 250, kida 500, na hini moja ya mafuta ya zeituni. Shekeli ni kama gramu 11 na kitu, kwa hiyo viungo hivyo vinafika kilo 17, wakati hini moja kwa makadirio ya wengi haizidi lita 6. Ukivimimina vyote pamoja, viungo vitayanywa mafuta yote na hutabaki na cha kumpaka mtu. Walimu wa Kiyahudi waliiona shida hiyo zamani. Mmoja wao akaeleza kwamba viungo vililowekwa kwanza katika maji, kisha mafuta yakamiminwa juu, yakavuta harufu, ndipo yakaenguliwa.

Sasa rudi kwa mti wa miiba. Unaialika miti mingine ije ijikinge chini ya kivuli chake, na isipokuja, moto utoke kwake uiteketeze hata mierezi ya Lebanoni. Kivuli gani? Kichaka cha miiba hakimkingi hata mbuzi. Lakini moto ni kweli kinao: kiangazi kikikaza, vichaka vikavu ndivyo vya kwanza kushika, na moto ukianzia hapo hupanda hadi miti mikubwa. Yothamu anatoa onyo la mkulima. Miaka 3 baadaye likatimia karibu neno kwa neno. Abimeleki alipanda mlima Zalmoni akiwa na shoka, akakata tawi, akaliweka begani, akawaambia askari wake wafanye vivyo hivyo. Wakayarundika matawi kwenye ngome ya Shekemu wakayawasha, wakafa humo watu kama 1,000, wanaume kwa wanawake. Yeye mwenyewe alimalizwa mji wa Thebesi, mwanamke alipomwangushia jiwe la kusagia kichwani.

Kwa nini mti, na si simba au mlima? Simba naye yumo katika Maandiko, lakini mti ulikuwa mali ya wafalme kwa maana halisi. Mwerezi wa Lebanoni hufika mita 30 na zaidi, mbao zake zina harufu na haziozi upesi, na katika nchi zenye uhaba wa mbao ndefu aliyeweza kuukata na kuusafirisha alikuwa ni mfalme peke yake. Sulemani aliandikisha watu 30,000, akawapeleka Lebanoni 10,000 kwa zamu: mwezi mmoja kule, miezi miwili nyumbani. Magogo yaliteremshwa hadi baharini yakaelea kwa matita. Malipo kwa Hiramu, mfalme wa Tiro, yalikuwa kori 20,000 za ngano kila mwaka (kori ni kipimo cha kale cha nafaka). Moja ya nyumba alizojenga iliitwa Nyumba ya Msitu wa Lebanoni, dhiraa 100 kwa 50, yaani kama mita 45 kwa 22, ikasimama juu ya safu za nguzo za mierezi. Aliyeingia humo alimkuta mfalme ameketi msituni.

Mataifa jirani yalifikiri hivyohivyo. Katika jumba la Ashurnasirpal II wa Ashuru (883–859 KK) kulikuwa na mchongo wa mfalme akionyeshwa mara mbili, huku na huku ya mti mtakatifu. Sasa uko katika Makumbusho ya Uingereza, London. Nebukadreza wa Babeli naye aliacha maandishi kwenye mwamba wa Wadi Brisa, Lebanoni, akijisifu jinsi alivyoikata mierezi na kuipasulia njia milimani. Sasa soma Isaya 14:8, ambapo mierezi yenyewe inashangilia kifo cha mfalme wa Babeli: tangu alale, hakuna mkata miti aliyekuja juu yetu. Ni kejeli kali, na msikilizaji wa siku zile aliielewa bila mhubiri.

Mti huo wa kifalme hupimwa kwa kivuli. Katika Ezekieli 31 Ashuru ni mwerezi: ndege wanajenga matawini, wanyama wanazaa chini yake, mataifa makuu yanakaa uvulini. Katika Danieli 4 Nebukadreza anaota mti unaoonekana hadi miisho ya dunia, wenye chakula cha kuwatosha wote. Hakuna nabii anayelaumu ukubwa peke yake. Lawama inaanza pale mti unapojivunia urefu wake. Ndiyo maana Danieli akiisha kuifasiri ndoto anampa mfalme shauri la vitendo: aache dhambi na kuwahurumia maskini (4:27). Mfalme hakulishika. Miezi 12 baadaye alikuwa juu ya jumba lake akijisifu kwa ajili ya Babeli, na neno lilikuwa bado kinywani mwake hukumu iliposhuka.

Katika ndoto hiyo mti unakatwa lakini kisiki kinaachwa ardhini, kimefungwa pingu ya chuma na shaba. Hapa mkulima wa Uganda ana nafasi nzuri kuliko msomi wa mjini. Anayeuza nguzo anajua kwamba kalitusi ukiikata vizuri huhitaji kupanda tena. Unaacha kisiki cha sentimita 10 hadi 15, unakata kwa mshazari ili maji yasituame, na baada ya miezi kadhaa unapunguza machipukizi ubaki na mawili au matatu yenye nguvu. Wengi hukosea kwa kutumia panga butu na kulibandua gome. Vichipukizi vinatoka chini ya gome, kwa hiyo likichunwa kisiki hufa, au machipukizi yanashika vibaya na kung'oka na upepo. Lakini msonobari, ambao wengi huuita paini, ukiukata umeukata. Lazima ununue miche upya.

Mwerezi wa Lebanoni uko upande wa msonobari: kisiki chake kwa kawaida hakichipui. Mzeituni na mwaloni viko upande wa kalitusi. Ukiwa na hilo akilini, soma mwisho wa Isaya 10 na mwanzo wa Isaya 11 kwa mfululizo, bila kusimama kwenye namba ya sura, ambayo iliwekwa karne nyingi baadaye. Mwisho wa 10, msitu wa Ashuru unafyekwa kwa chuma na Lebanoni inaanguka. Mstari unaofuata, chipukizi linatoka katika shina la Yese. Miti miwili imekatwa, mmoja tu una uhai chini.

Tena ni shina la Yese, si la Daudi. Daudi alikuwa mfalme. Yese, baba yake, alikuwa mtu wa Bethlehemu mwenye kondoo. Nabii anaona ukoo wa kifalme umekatwa chini kabisa, hadi kabla ya taji. Ndivyo ilivyotokea: mwaka 597 KK Yehoyakini, mfalme wa Yuda, alichukuliwa mateka Babeli, na mwaka 586 KK Yerusalemu ikaangushwa. Ezekieli 17 inasimulia habari hizo kwa tai aliyechuma kilele cha mwerezi, kisha inaahidi kwamba Mungu mwenyewe atachuma kitawi laini na kukipanda juu ya mlima mrefu.

Kwa Waganda lugha hii haihitaji maelezo mengi. Ukoo wa Buganda hugawanyika katika matawi, kutoka makubwa hadi madogo: ssiga, kisha mutuba, kisha lunyiriri. Na mutuba ni mti uleule ambao gome lake hupondwa kuwa nguo. UNESCO iliitangaza kazi hiyo kuwa kazi bora ya urithi usioshikika wa wanadamu mwaka 2005, na nguo hiyo huvaliwa wakati wa kumtawaza Kabaka, mfalme wa Buganda. Ila tuwe waangalifu. Mutuba huchunwa gome, hufungwa majani ya migomba, nao huota jingine. Huo ni mti unaotunzwa. Miti ya kifalme ya manabii inakabiliwa na shoka, na mahubiri yanayochanganya mambo hayo mawili humpoteza msikilizaji.

Ndipo unapofika Marko 4 na kuona Yesu alivyoichezea picha hii. Wasikilizaji wake wanawajua ndege wa Ezekieli na Danieli, wanangoja mwerezi. Anawapa haradali kuwa mfano wa ufalme wa Mungu: mboga ya bustanini, inayokauka baada ya msimu mmoja, na ikistawi sana inafika mita 2 au 3. Ndege wanakuja hata hivyo, na kivuli kipo.

Kosa la kawaida la upande wa pili ni kuona mfalme katika kila mti. Mti wa Zaburi 1 ni mtu yeyote anayeishika sheria. Shamba la mizabibu la Isaya 5 ni taifa zima. Tafuta dalili: kimo, ndege, kivuli, shoka, au mti unaotuma ujumbe kwa mti mwingine. Katika 2 Wafalme 14 mbaruti (mmea wa miiba) wa Lebanoni unamtaka binti wa mwerezi awe mke wa mwanawe, mnyama akapita akaukanyaga. Mfalme wa Israeli alimtumia Amazia wa Yuda maneno hayo ili aache vita. Amazia hakusikia, akashindwa, na ukuta wa Yerusalemu ukabomolewa dhiraa 400, karibu mita 180.