Revival: Albamu ya Kwanza ya Gillian Welch na Nguvu ya Ala Chache

Kila mwanafunzi wangu wa gitaa anapoanza kutunga nyimbo zake na kutaka kuzirekodi, ombi lake la kwanza huwa ni kuongezewa ala: kinanda, ngoma, besi, na waitikiaji watano au sita. Kabla ya kumjibu, mimi humpa kwanza albamu ya Revival ya Mmarekani Gillian Welch, iliyotoka Aprili 1996, nikamwomba aisikilize yote kwa utulivu bila kushika gitaa. Ina nyimbo 10 tu, na katika zile zilizo bora kabisa hakuna zaidi ya sauti mbili na magitaa mawili. Leo napenda kueleza jinsi albamu hiyo ilivyotengenezwa na kwa nini uchache wake unatosha.

Welch alizaliwa New York mwaka 1967, akaasiliwa akiwa mtoto mchanga na Ken na Mitzie Welch, mume na mke waliokuwa wanamuziki wa jukwaani na wa televisheni, na akakulia Los Angeles. Alipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu huko Santa Cruz, California, alisikia rekodi za Stanley Brothers, ndugu wawili kutoka milima ya Virginia, na tangu hapo akajua anataka kuimba muziki wa aina gani. Baadaye alijiunga na chuo cha muziki cha Berklee mjini Boston, na huko akakutana na David Rawlings, mpiga gitaa kutoka Rhode Island. Mwaka 1992 alihamia Nashville, jiji ambalo ndilo makao ya muziki wa country, na Rawlings akamfuata. Jina lililoandikwa kwenye jalada la albamu ni la Welch peke yake, lakini kwa hakika hii ni kazi ya watu wawili.

Albamu hii mara nyingi hutajwa pamoja na bluegrass, na hapo panahitaji ufafanuzi. Bluegrass ni muziki uliobuniwa na Bill Monroe wa Kentucky, na ulipata umbo lake kamili mwishoni mwa mwaka 1945, Earl Scruggs alipojiunga na bendi ya Monroe akiwa na mtindo wake wa kupiga banjo kwa vidole vitatu. Ala zake ni mandolini, fidla, gitaa, besi kubwa ya kusimama, na banjo, ambayo asili yake ni ala za nyuzi za Afrika Magharibi zilizokumbukwa na kuundwa upya na watu waliopelekwa utumwani. Mwendo wake ni wa kasi, na kila mpigaji hupewa nafasi ya kuonyesha ufundi wake. Revival haina haraka hiyo. Welch na Rawlings walirudi nyuma hatua moja, hadi kwenye muziki wa miaka ya 1930 uliotangulia bluegrass, wakati ndugu wawili walipokuwa wakiimba kwa sauti mbili zilizoshikana huku wakijipigia ala zao wenyewe. Monroe naye alianza hivyo, akiimba na kaka yake Charlie.

Mtayarishaji wa albamu alikuwa T Bone Burnett, na kampuni iliyoitoa ni Almo Sounds. Burnett alielewa kwamba kazi yake ilikuwa kulinda kile kilichokuwapo tayari. Mwanzoni mwa kurekodi, ndani ya studio walikuwamo watu wanne pekee: Welch, Rawlings, Burnett na fundi wa sauti. Baadhi ya nyimbo zilirekodiwa kwa mfumo wa mono, ambapo sauti zote hupita katika mkondo mmoja badala ya kugawanywa kushoto na kulia. Kwa anayesikiliza, tofauti ni kubwa. Mfumo wa stereo humpa mtayarishaji uwezo wa kuzitenganisha ala zisigongane, gitaa upande huu na sauti upande ule. Mono haimpi nafasi hiyo, kwa hiyo ni lazima wanamuziki wenyewe wapishane kwa masikio yao, kila mmoja akijua lini anyamaze ili mwenzake asikike. Makosa ya mpangilio hayana pa kujificha. Wapigaji wakubwa walialikwa katika nyimbo nyingine, akiwamo James Burton, aliyempigia gitaa Elvis Presley, pamoja na Roy Huskey Jr. kwenye besi ya kusimama na Jim Keltner kwenye ngoma, na hata hao walipiga kwa kujizuia.

Sikiliza wimbo wa "By the Mark". Ni wimbo wa kidini walioutunga wawili hao, na msikilizaji anaweza kudhani umetolewa katika kitabu cha tenzi cha karne ya 19, kwa jinsi ubeti na kiitikio vinavyokaa mahali pake. Sauti ya Welch ni ya chini kuliko ya waimbaji wengi wa kike, nayo haitetemeki wala haipambwi. Sauti ya Rawlings haikai mbali na yake, jinsi sauti za tenori na alto zinavyopangwa katika kwaya zetu. Huikaribia ile ya Welch kiasi kwamba silabi zinaanza na kuisha pamoja, na kuna mahali sikio linashindwa kusema ni nani anayeongoza. Ukaribu huo haupatikani kwa kusoma nota tu. Hupatikana kwa kuimba pamoja miaka, mtu akijifunza mpaka namna mwenzake anavyovuta pumzi. Gitaa la Rawlings nalo lina tabia hiyo hiyo: badala ya kurudia sauti za msingi ambazo Welch ameshazipiga, hugusa sauti jirani inayoacha wasiwasi kidogo, kisha huishusha taratibu hadi mahali sikio lilipokuwa linapangoja.

Uchache huo umo pia katika maneno. "Annabelle" ni wimbo wa mkulima maskini anayekodi ekari 20 na nyumbu, na anaanza kwa kutoa hesabu ya kodi anayolipa: nusu ya pamba, theluthi ya mahindi. Kwa kuwa hesabu hiyo imetangulia, tunaijua dhiki ya nyumba yake kabla hajalalamika. Halafu anamtaja binti yake na matumaini aliyokuwa nayo juu yake. Kifo cha mtoto hakisimuliwi; tunakijua kwa sababu tunaoneshwa maneno yaliyoandikwa kwenye jiwe la kaburi. Mtunzi mwingine angetupitisha kitandani kwa mgonjwa na kutulazimisha tulie machozi. Welch ametuachia jiwe tu, na mimi, baada ya miaka yote hii ya kuusikiliza, bado huwa nanyamaza kidogo wimbo huo unapoisha.

Albamu ilipotoka, baadhi ya wahakiki wa Marekani walimlaumu: mtoto wa Los Angeles, binti wa watu wa televisheni, anawezaje kuimba habari za wakulima wa pamba na wapika gongo wa milimani? Naielewa hoja hiyo, kwa sababu kuvaa umaskini wa wengine kama pambo ni jambo baya. Lakini sikubali kwamba inamhusu. Muziki haujawahi kubaki kijijini kwake. Mwaka 1950, Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alirekodi nchini Kenya wasichana wa Kipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha", na jina hilo si jingine ila Jimmie Rodgers, mwimbaji wa country wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika Kericho kwa santuri. Wasichana wale walimchukua mgeni huyo, wakamgeuza kuwa kiumbe nusu mtu nusu swala, wakamtungia wimbo ambao ni wao kabisa. Swali la haki ni kama mwimbaji amesikiliza kwa makini vya kutosha hata alichokipokea kikazaa kitu kipya.

Na watu wa fani yenyewe walishajibu. Kabla Revival haijatoka, Nashville Bluegrass Band walikuwa wamerekodi "Tear My Stillhouse Down", wimbo wa mpika pombe anayetaka mtambo wake ubomolewe atakapokufa, na mwimbaji wa country Emmylou Harris alikuwa ameuimba "Orphan Girl" katika albamu yake ya mwaka 1995. Wanamuziki waliokulia ndani ya mapokeo hayo walizipokea nyimbo hizi kama zao.

Si nyimbo zote 10 zenye uzito sawa. "Pass You By", yenye gitaa la umeme, inanisisimua kwa muda tu, na "Paper Wings" ingeweza kuwa ya mwimbaji mwingine mzuri wa Nashville. Hata hivyo, jina la albamu linazibeba zote. Neno hilo kwa Kiswahili ni uamsho, na yeyote aliyekulia karibu na makanisa ya Afrika Mashariki anajua mikutano ya uamsho na nyimbo zake zisizohitaji ala kubwa.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni "Acony Bell". Unahusu ua dogo jeupe la milima ya Appalachia, mashariki mwa Marekani, linalochanua mapema kabisa, baridi ikiwa bado haijaondoka. Mtaalamu wa mimea Mfaransa André Michaux alilikusanya mwaka 1788, kisha wasomi wakalitafuta bila kulipata mpaka mwaka 1877, lilipoonekana tena North Carolina. Welch analiimba kwa sauti ya chini, Rawlings akimfuata kwa nyuzi nyembamba, na mwaka 2001, walipoanzisha kampuni yao wenyewe ya kutoa muziki, waliipa jina la ua hilo.