Densiti: kwa nini lita si kilo, na uji mzito si mzito

"Lita moja ni kilo moja." Usemi huu umeota mizizi. Utausikia dukani mtu akiagiza mafuta, utausikia kwa watoto wa skuli wanaojiandaa na mitihani, na kwenye mapishi yanayorushwa kwenye simu "robo lita ya samli" na "robo kilo ya samli" zinapishana kama kwamba ni mamoja. Kwa maji, sawa. Kwa maziwa, karibu na sawa. Kwa mengi mengine tunadanganyana.

Maana yenyewe haina makuu. Tungamo ni kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, nalo hupimwa kwa gramu na kilo. Ujazo ni nafasi ambayo kitu hicho kinaichukua, nao hupimwa kwa mililita na lita. Gawa tungamo kwa ujazo, unapata densiti. Basi. (Walimu wa fizikia watasema tungamo na uzito ni vitu viwili, na wana haki, lakini huo ni ugomvi wa siku nyengine. Hapa nitasema uzito kama tunavyosema sokoni.)

Mililita moja ya maji ina gramu 1. Ya mafuta ya nazi ina takriban 0.92. Ya asali, 1.42 hivi. Kwa hiyo dumu la lita 20 la mafuta ya nazi lina kilo 18.4, na aliyelipia kilo 20 akamiminiwa lita 20 amepunjwa kilo moja na gramu mia sita, pengine na muuzaji ambaye hana hata habari. Muuza asali anayepima "kilo" kwa kopo la lita ndiye anayejipunja mwenyewe, tena kwa gramu 420 kila kopo.

Kosa hili lina asili yake, na asili hiyo inawapunguzia lawama wanaolikosea. Mwaka 1795 Wafaransa, wakijitungia vipimo vipya baada ya mapinduzi yao, waliamua gramu iwe tungamo la maji safi yanayojaza sentimita moja ya ujazo, maji yakiwa kwenye joto la barafu inayoyeyuka. Mwaka 1799 wakatengeneza jiwe la mizani la platini la kilo moja, safari hii kwa kufuata maji ya nyuzi 4, kwa sababu hapo ndipo maji yanapokuwa na densiti kubwa kuliko kwenye joto jengine lolote. Mwaka 1901 mambo yakageuzwa kichwa chini miguu juu: lita ikaelezwa kuwa ni nafasi inayochukuliwa na kilo moja ya maji safi. Lita hiyo ilipopimwa kwa makini ikaonekana imezidi desimita ya ujazo (mchemraba wa sentimita 10 kila upande) kwa sehemu 28 katika milioni. Ni kitu kidogo mno kwa mpika wali, lakini kwa wanaopima kitaalamu ni kero, na mwaka 1964 maana ile ikatupwa. Lita ikabaki kuwa desimita moja ya ujazo tu. Kilo nayo, tangu tarehe 20 Mei 2019, inatokana na namba isiyobadilika ya fizikia iitwayo thabiti ya Planck. Hakuna tena maji kwenye maana ya kilo wala ya lita. Sisi ndio bado tunayo vichwani.

Pemba, msimu wa karafuu, vipimo hivi viwili vinakutana kwenye zao moja. Mchumaji anahesabiwa kwa pishi. Karafuu kavu ikifika kwenye kituo cha ununuzi cha ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar, inapanda mizani na kulipiwa kwa kilo. Pishi ni chombo, vibaba vinne. Ukiijaza mfuto, usawa wa mdomo, ina kiasi chake, ukiijaza tele mpaka ifanye kichuguu ina chengine, na baina ya punje na punje kuna hewa ambayo hakuna anayeinunua. Karafuu mbichi ikianikwa jamvini hupoteza zaidi ya nusu ya uzito wake kwa maji yanayokwenda na jua, na huku inasinyaa. Sasa mtu anauliza: "Pishi moja kilo ngapi?" Pishi ya nini, mbichi au kavu, mfuto au tele? Mpaka ayaseme hayo, hajauliza kitu.

Lakini linalonikera zaidi si hilo. Ni neno "zito". Tunasema uji mzito, tui zito, asali nzito, na hatukosei. Ndivyo Kiswahili kinavyosema. Shida inaanza pale mtu anapochukua uzito huo wa mwiko na kuupeleka darasani, akadhani kimiminika kigumu kumwagika ndicho chenye densiti kubwa. Ugumu wa kumwagika unaitwa mnato, na mnato hauna udugu na densiti. Asali ndiyo iliyotupoteza, kwa sababu yenyewe imejaaliwa vyote viwili.

Chukua tui. La kasimile ndilo tui zito, la pili ndilo jepesi. Lakini liache tui kwenye bakuli lisimame, utaona lile zito limepanda juu na maji yamebaki chini. Ile iliyopanda imejaa mafuta, na mafuta yana densiti ndogo kuliko maji. Kwa mwiko ni zito, kwa mizani ni jepesi.

Mfano ulio bora zaidi tunao wenyewe. Tia maji kwenye bilauri, kisha dondosha mafuta ya nazi upande mmoja na mafuta ya karafuu upande wa pili. Ya nazi, ambayo ndiyo mazito kumwagika, yanakaa juu yakitandaa. Ya karafuu ni mepesi kumwagika kuliko ya nazi, lakini yanajikusanya vidonge vidonge na kuzama mpaka chini, kwa sababu sehemu kubwa ya mafuta hayo ni eujenoli, ambayo mililita yake ina gramu 1.06 hivi. Ndiyo maana anayekeneka mafuta ya karafuu au ya makonyo (vikonyo vyake), mvuke ukishapoa, huyakuta chini ya maji badala ya juu yake. Na zebaki, inayoteleza karibu sawa na maji, ina gramu 13.6 kwa mililita.

Kosa hili linapenya mpaka kwenye jedwali la elementi. Risasi ni namba 82, dhahabu ni namba 79. Tungamo la atomi ya risasi ni 207 hivi, la dhahabu 197. Mwanafunzi anajibu haraka kwamba risasi ndiyo yenye densiti kubwa, na anakosa: sentimita moja ya ujazo ya risasi ina gramu 11.3, ya dhahabu 19.3. Atomi za dhahabu zimebanana zaidi. Densiti inataka ujue kila atomi ina tungamo gani, na pia zimekaa karibu karibu kiasi gani. Kinara ni osmiamu, namba 76 tu, yenye gramu 22.6, ilhali urani, namba 92, ina kama 19.

Na joto lisisahauliwe. Mafuta ya nazi huanza kuganda yakishuka chini ya nyuzi 25 hivi, kwa hiyo usiku wa kipupwe chupa iliyo dirishani huanza kuwa nyeupe. Tazama weupe huo unakaa wapi: chini. Mafuta yakiganda yanajikunja na densiti yake inapanda. Barafu kwenye maji hufanya kinyume, inaelea, ikiwa na 0.917. Wengi wanadhani kila kitu kikiganda kinaelea kwa sababu barafu ndiyo waliyoizoea.

Basi mtu akikwambia lita moja ni kilo moja, usimbishie mbele za watu. Muulize tu, lita ya nini. Akisema ya maji, mwache apite. Akisema ya mafuta, mwombe aiweke kwenye mizani.