Je, Wajua kwa Nini Unyoya wa Mtetea Humhadaa Trauti Kuliko wa Jogoo?

Mjomba wangu ni mvuvi wa Mji wa Kale, Mombasa. Akienda kurambaza nje ya mwamba, hufunga unyoya mweupe wa kuku kwenye ndoana. Nguru akiuona ukikimbia nyuma ya mashua huudhani ni dagaa, akauvamia. Yeye ndiye aliyenifunza kufunga, na kwa miaka mingi niliamini unyoya ni unyoya tu.

Kisha nikaenda Nyeri kuvua trauti katika Mto Gura. Samaki huyu hutaka maji baridi, chini ya nyuzi 20 hivi, kwa hiyo huku kwetu pwani hawezi kuishi. Hata huko mlimani ni mgeni: mayai yake yaliletwa kutoka Loch Leven, Uskoti, mwaka 1905. Nilikuwa nimejifungia kwenye ndoana mdudu bandia wa manyoya ya shingo ya jogoo. Alielea asubuhi nzima, hakuna aliyemgusa. Mwenzangu alikuwa na mdudu mdogo wa unyoya wa mtetea, tena mwembamba hata nikamhurumia. Kabla ya adhuhuri alikuwa ametoa trauti watatu.

Sababu iko kwenye unyoya wenyewe. Vijinyuzi vya unyoya wa shingo ya jogoo ni vikavu, vinang'aa na vimesimama kama miba. Hukanyaga uso wa maji na kumshikilia mdudu juu. Ndiyo maana hutumiwa kwa wadudu wa kuelea. Vya mtetea ni laini na vina utando, hivyo hunywa maji na kuzama. Vikishazama, kila mkondo ukisukuma, hulala na kufunguka, hulala na kufunguka, kama miguu ya kiumbe kinachohangaika. Na trauti chakula chake kingi hukila chini ya maji: viluwiluwi vya wadudu wanaotoka kwenye mawe ya mtoni wakipanda juu ili wapate mbawa. Anachotafuta ni kitu kinachojongea.

Waingereza wa kaskazini walilijua hili zamani, na mdudu wao mmoja nampenda kuliko wote: uzi wa hariri wa rangi ya machungwa, na unyoya wa kahawia wa kwale, basi. Ndiyo, kwale, ndege mwenye jina moja na kaunti ya jirani zetu, ingawa wa kwao ni wa aina nyingine. Hariri ile ikilowa huiva na kuwa nyeusi kidogo, na mdudu huonekana kama ana nyama.

Kumfunga huyo si kazi ya siku. Paka uzi nta ili ushike. Anza nyuma kidogo ya tundu la ndoana, uzungushe kwa kubana, mzunguko kando ya mzunguko, hadi karibu na mahali chuma kinapoanza kupinda, kisha urudi. Sasa chukua unyoya, uvute vijinyuzi vyake kinyume visimame, ufunge ncha yake nyuma ya tundu, na uuzungushe mara mbili. Mara mbili tu! Hapa ndipo sisi wanafunzi huharibu: tunaona mdudu amekonda, tunaongeza mzunguko wa tatu, wa nne, na majini anageuka kifurushi kisichocheza. Maliza kwa fundo la uzi unaojizungushia wenyewe, kisha kata.

Mtoni, mtupe mdudu kuvuka mkondo, ukielekea kidogo upande maji yanakokwenda, umwache maji yamchukue. Kamba ikinyooka atapanda juu taratibu, sawasawa na mdudu wa kweli anayekwenda kuota mbawa. Mara nyingi trauti humng'ata hapo hapo.

Nilipofika nyumbani nilijaza bilauri mbili maji, nikatia wa jogoo katika moja na wa mtetea katika nyingine, nikamwita mjomba. Wa jogoo alikaa juu. Wa mtetea alizama polepole, na nilipokoroga maji kwa kijiti, miguu yake ikaanza kucheza. Mjomba aliinama akatazama kwa muda mrefu.

"Hebu nifungie na mimi mmoja, mjomba," akaniambia. "Kesho tuwajaribu vibua."