Je, wajua kwa nini Django inakuja na ukurasa wa adimini (wa kusimamia taarifa) ila Express inakuja mikono mitupu? Zote ni fremuweki za kutengenezea bekendi, nitaeleza maneno hayo hapa chini.

Kijana mmoja wa chuo pale Nyegezi, hapa Mwanza, alinifata wiki mbili zilizopita na laptop yake kwapani, akaniuliza, "Kaka, hivi nianze na ipi, Django, Laravel au hizi za Node?" Anataka kumtengenezea baba yake mfumo wa duka la vifaa vya ujenzi huko Buzuruga, ameangalia video mpaka bando limekata na kila video inasema ya kwake ndo kiboko. Hilo swali naliskia karibu kila mwezi kwaiyo nimeona niliandike hapa kwa kirefu.

Kwa asiyejua, bekendi ni ile sehemu ya tovuti au app ambayo mteja haioni, ipo kwenye seva, ndo inapokea maombi, inahakiki aliyeingia ni nani, inasoma na kuandika kwenye databesi. Fremuweki ni vipande vya programu ambavyo wengine wameshaviandika ili wewe usianze kuchonga nati moja moja. Sasa kama zote zinafanya kazi hiyohiyo, mbona zinatofautiana sana? Ni kwa sababu kila moja ilizaliwa kwenye shida ya mtu fulani, na sura ya ile shida haijawahi kuitoka mpaka leo. Ukiijua shida iliyoizaa, kuchagua kunakuwa kwepesi mno.

Angalia Django, inayoandikwa kwa lugha ya Python. Adrian Holovaty na Simon Willison waliianza 2003 wakiwa wanafanya kazi kwenye gazeti, Lawrence Journal-World, mji wa Lawrence jimbo la Kansas kule Marekani, afu ikaachiwa watu wote 2005 kwa jina la mpiga gitaa Django Reinhardt. Sasa vuta picha chumba cha habari kilivyo, mhariri anataka kurasa mpya leoleo, na wanaoingiza taarifa ni waandishi ambao hawajui programu wala hawana muda wa kujifunza. Ndo maana ukishaiambia Django majedwali yako ya databesi yakoje na ukayasajili, inakupa ukurasa wa adimini wenye fomu za kuongeza, kubadilisha, kufuta, na wewe hujachora hata skrini moja. Gazeti lile bado limo humo ndani.

Laravel ya Taylor Otwell ilitoka 2011. Inaandikwa kwa lugha ya PHP, na wakati huo watu wengi wa PHP walikuwa kwenye fremuweki nyingine, CodeIgniter, na CodeIgniter haikuwa na mambo ya kulogini yaliyojengwa ndani, kila mtu anajiandikia ya kwake. Otwell akaona hapana, akayaweka ndani ya Laravel. Afu kuna jambo la PHP yenyewe ambalo watu wanalipita haraka, kwa kawaida kila ombi likija programu inaamka, inajibu, inakufa na kumbukumbu yake inafutwa, kwaiyo hosti (kampuni za kukodisha seva) za bei ya chini zinaweza kubeba tovuti nyingi kwenye mashine moja. Kwa mteja ambaye kila mwaka unambembeleza alipie hosti, hilo sio jambo dogo hata kidogo.

Node, inayoendesha lugha ya JavaScript kwenye seva, ndo inayonifurahisha zaidi kuielezea. Ryan Dahl aliitoa 2009, na moja ya vitu vilivyomsumbua ni ule mstari wa kuonyesha faili limepanda asilimia ngapi kwenye Flickr, tovuti ya kuweka picha, brauza haikuwa inajua, ilibidi iiulize seva tena na tena. Ili uelewe Node ilivyotatua hilo, nenda soko la samaki la Mwaloni Kirumba alfajiri uone mitumbwi inavyoingia. Karani wa aina ya kwanza anasimama na mtumbwi mmoja mpaka umalize kushusha ndo aende wa pili, kwaiyo mitumbwi ikiwa kumi unatafuta makarani kumi. Karani wa Node yuko peke yake, anafika kwenye mtumbwi anasema "mkimaliza kushusha niiteni", anaenda wa pili, wa tatu, anayeitwa ndo anamrudia. Kazi yenye kusubiri nyingi, mfano chati au kufatilia bodaboda kwenye ramani, karani huyu anaimudu vizuri sana. Ila siku akiinama kuhesabu dagaa mmoja mmoja, mitumbwi yote inamsubiri yeye! Ndo kinachotokea ukimpa Node hesabu nzito kwenye huo uzi wake mmoja, yaani huyo karani wake mmoja. Express, fremuweki inayokaa juu ya Node, ilikuja 2010, imekusudiwa iwe ndogo, inakupa njia za maombi na namna ya kuyapitisha hatua kwa hatua, databesi utajijua, adimini utajijua.

Hapo kwenye utajijua ndo nilipojifunzia. Nilimtengenezea mama mmoja anayeuza dagaa wakavu kwa jumla mfumo wa kuandika magunia yanayotoka Ukerewe na madeni ya wateja wake, nikatumia Express kwa sababu ndo niliyokuwa naipenda. Ujumbe wa malipo ya simu ulikuwa unaingia kwenye seva yangu wenyewe, mfumo unaandika pesa iliyoingia afu unapunguza deni. Siku moja seva ikachelewa kujibu, upande wa malipo wakadhani sijapata, wakatuma ujumbe uleule mara ya pili. Deni la mteja mmoja likapungua shilingi 350,000 mara mbili. Mama hakupiga kelele, alinifungulia tu kauntabuku lake akaniwekea kidole kwenye mstari, "Mwanangu, huyu bado namdai."

Nikakaa juu ya gunia nikaanza kumwangalia anavyoandika. Mtu akilipa, anaandika kiasi upande wa kulia na hapohapo anachora mstari kwenye deni upande wa kushoto, kalamu haiweki chini mpaka vyote viwili viishe, na hata umsemeshe hajibu. Namba ya muamala anaiandika pembeni, akiiona ameshaiandika anakataa. Kwenye databesi vitu hivyo viwili vipo, cha kwanza ni kufunga hatua zote kwenye muamala mmoja wa databesi ili zifanyike zote au isifanyike hata moja, cha pili ni kuipa namba ya malipo sharti la kutojirudia. Django ina `transaction.atomic`, Laravel ina `DB::transaction`, zipo kwenye maelezo yao unakutana nazo mapema. Kwa Express ni mpaka mwenyewe ujue unazihitaji afu utafute laibrari ya kuzileta. Express haina kosa, ila mimi nilichukua fremuweki ya kusubiri mitumbwi nikaipa kazi ya kauntabuku.

Kuhusu spidi, ambayo ndo watu wanagombania sana, seva yako ikiwa Ulaya, ombi kutoka Mwanza kwenda na kurudi linakula zaidi ya milisekunde 100 kabla fremuweki haijafanya lolote, kwaiyo kuhangaikia milisekunde mbili tatu za Laravel na Node ni kujichosha. Kinachochelewesha kweli mara nyingi ni namna unavyoiuliza databesi. Unataka kuonyesha magunia 200 na majina ya wenyewe, unauliza orodha mara moja, afu kwa kila gunia unarudi kuuliza mwenyewe nani, tayari maswali 201. Kosa hili linafanyika kwenye fremuweki zote, na dawa ni kuomba vyote kwa pamoja, `select_related` kwenye Django, `with` kwenye Laravel.

Na angalia spea. Mtu akinunua pikipiki huku anauliza kwanza kama spea zake zinapatikana na fundi anaijua, na huu mfumo nao utakuja kuharibika siku wewe uko Dodoma kwenye usaili. Kama marafiki zako watano wa karibu wanajua PHP, hiyo ni sababu nzito kuliko video yoyote.

Basi nikamuuliza yule kijana maswali machache. Nani ataingiza bidhaa? Baba na dada yake wa dukani. Kuna kitu chochote cha kuonekana papohapo bila kurefreshi? Hapana. Chuo wamekufundisha nini? Python, mihula miwili. Nikamwambia tuelezee majedwali ya duka lenu, akaanza kuandika bidhaa, bei, idadi, msambazaji, mkopo, hapo tumekaa kwenye benchi nje ya stesheneri. Saa 3 usiku akanitumia skrinishoti ya adimini ya Django, mistari sita, wa kwanza umeandikwa misumari inchi 4, kilo 38, na chini yake ujumbe, "kaka, dada ameingiza mwenyewe."