Je, wajua? Kwa nini chai ya kijani haichemshwi kama chai ya rangi

Asubuhi, Unguja na Pemba, majani ya chai hutiwa sufuriani pamoja na iliki na mdalasini yakatokota mpaka rangi ikolee. Chai ya rangi inavumilia hayo. Ukiifanyia hivyo chai ya kijani, utapata maji machungu yanayokausha ulimi, na hapo ndipo wengi huimiminia sukari vijiko vitatu ili inyweke.

Majani yote mawili yanatoka kwenye mti mmoja, uleule unaolimwa Mufindi, Rungwe na milima ya Usambara. Tofauti huanza baada ya kuchumwa. Jani la chai ya rangi husagwa au kuviringwa, likaachwa lipigwe na hewa mpaka likawa jeusi. La chai ya kijani hupashwa moto mapema, Japani kwa mvuke, China mara nyingi kwenye karai, ili vimeng'enya vinavyolibadilisha vife. Ndiyo maana hubaki na katekini nyingi, yaani kemikali za asili za jani la chai, ambazo kwenye chai ya rangi sehemu kubwa hugeuka kuwa kitu kingine. Katekini ndizo zinazosifiwa kwa afya, na ndizo hizohizo zenye uchungu. Maji yanayotokota huzitoa kwa wingi na kwa haraka.

Basi chemsha maji, epua, yaache wazi dakika chache yashuke hadi nyuzi 70 au 80, ndipo utie majani. Dakika mbili au tatu zinatosha, kisha chuja. Ukipenda kamulia ndimu.

Na faida yake? Japani, watafiti waliwafuatilia watu wazima 40,530 wa mkoa wa Miyagi kuanzia mwaka 1994. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2006 yalionyesha kwamba waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikufa kwa uchache zaidi kutokana na maradhi ya moyo na mishipa kuliko waliokunywa chini ya kikombe kimoja, hasa wanawake. Kwa vifo vya saratani, tofauti haikuonekana. Uchunguzi wa namna hiyo hauthibitishi kwamba chai ndiyo iliyowakinga, lakini majaribio mengine yameonyesha kuwa inashusha kidogo lehemu mbaya kwenye damu. Kuhusu kupunguza unene, wanaoitangaza wanatia chumvi: athari yake ni ndogo mno.

Kwa maoni yangu, faida kubwa kwetu ni ile isiyoandikwa kwenye boksi. Tunakunywa chai tamu asubuhi, jioni na kila mgeni anapobisha hodi. Mwenye kisukari au presha akibadilisha vikombe viwili vya chai hiyo kwa chai ya kijani isiyo na sukari, ameshaondoa vijiko kadhaa vya sukari kwa siku. Akiitia sukari, faida hiyo imekwenda.

Chai ya mchaichai, ijapokuwa ina rangi ya kijani na harufu nzuri, ni mmea mwingine kabisa. Haina kafeini, wala haina katekini za majani ya chai.

Wajawazito na wenye upungufu wa damu wawe waangalifu. Chai, ya kijani na ya rangi pia, huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye mchicha, kunde na mbaazi. Usiteremshe chakula kwa chai; subiri saa moja hivi baada ya kula, na vidonge vya kuongeza damu visimezwe kwa chai. Anayetumia warfarin ya kuzuia damu kuganda, au dawa ya presha iitwayo nadolol, amuulize daktari kwanza.

Vidonge vya chai ya kijani vinavyouzwa kwa ajili ya kupunguza mwili ni jambo jingine. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilieleza kuwa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini iitwayo EGCG, zikitumiwa kama virutubisho, zinaweza kuhusishwa na dalili za mwanzo za madhara kwenye ini. Mnywaji wa kawaida wa vikombe hafikii kiasi hicho, lakini mmezaji wa vidonge anaweza kukifikia kirahisi.