Je, wajua kwanini timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani iliyoshinda mechi zote 9 mwaka 1951 haikucheza mechi hata moja kubwa ya mwaka mpya?

Ule mpira wa Kimarekani, wa kuvaa helmeti na mpira wenyewe umechongoka kama yai, vyuo vyao wakimaliza msimu timu kali zinaitwa kwenye mechi kubwa za mwaka mpya, kina Orange Bowl na Sugar Bowl. Enzi hizo ilikuwa mwaliko tu, waandaaji wakikutaka wanakuita, wasipokutaka unabaki nyumbani hata kama umefunga kila mtu.

Sasa Chuo Kikuu cha San Francisco, kichuo kidogo cha mapadri Wajesuiti, timu yao inaitwa Dons, kocha Joe Kuharich. Mwaka 1951 wamecheza 9 wameshinda 9, na kijana wao Ollie Matson kakimbia na mpira jumla yadi 1,566, nchi nzima hakuna chuo chenye mtu aliyemfikia. Yaani hawa walikuwa moto, watatu kati yao, Matson, Gino Marchetti na Bob St. Clair, baadaye waliingia kwenye jumba la magwiji wa mpira huo!

Mwaliko uko wapi? Shida ilikuwa Matson na mwenzake Burl Toler ni weusi. Mechi nyingi za mwaka mpya zilichezwa majimbo ya Kusini, ubaguzi ndo ulikuwa sheria kule, kwa hiyo timu ikapewa ujumbe kwamba mnaweza kuja ila wale wawili waacheni.

Wakakataa. Wote, na wengi wao walikuwa wazungu, kina Marchetti aliyetoka kupigana na Wajerumani kule Ulaya vita ya pili, hakuna aliyesema jamani tuwaache hawa wawili tukacheze sisi. Mimi hapa ndo pananigusa, maana hawa vijana walijua hela ya mechi kama hiyo chuo kinaihitaji sana, timu ilikuwa inakula hasara, na kweli msimu ulipoisha chuo kikaifuta timu kabisa. Mechi yao ya mwisho waliifunga Loyola 20-2, basi, kikosi kikasambaratika.

Matson mwaka uliofuata akaenda Olimpiki ya Helsinki akarudi na shaba ya mita 400 na fedha ya kupokezana vijiti, halafu akaingia ligi ya kulipwa, NFL. Toler hakuwa na bahati hiyo, goti liliumia 1952 kabla hajacheza hata mechi moja ya NFL. Akageukia ualimu, akawa mwalimu mkuu hapohapo San Francisco, na mwaka 1965 akarudi uwanjani akiwa na filimbi, mwamuzi wa kwanza mweusi kwenye NFL, na mwaka 1980 akachezesha Super Bowl, yaani fainali ya ligi hiyo.